Kwa nini karatasi zikiingia kwenye albamu ya kidijitali zinakuwa kama zimekufa?

#1 Bahasha ya Kaki

Wakuu, habari zenu.

Nina sanduku la bati la marehemu mama. Ndani mna barua, kadi za mwaliko, kadi yangu ya kliniki, risiti ya cherehani yake ya kwanza, vipande vya magazeti, na tiketi moja ya basi ambayo hakuna mtu nyumbani anayejua ilikuwa ya safari gani. Tuko ndugu wanne, kila mmoja anaishi kwake, na sanduku ni moja. Ndiyo nikaamua kutengeneza albamu ya kidijitali: picha zake pamoja na hizi karatasi, kurasa kama sitini, kila ndugu apate nakala yake.

Wikiendi tatu nimeshinda kwenye skana. Picha zimetoka vizuri. Karatasi ndizo zinanitesa. Nikizishika mkononi namwona mama. Nikiziangalia kwenye albamu naona fotokopi. Barua aliyoiandika kwa wino wa bluu imekuwa kama fomu ya ofisini. Hakuna kilichofutika, maandishi yote yanasomeka, lakini uhai haupo.

Nimeskani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), faili la picha la aina ya JPEG, nikakata kingo zikanyooka, nikazipanga mbili mbili kwa kila ukurasa. Nimekosea wapi? Au ndivyo zilivyo, karatasi hazikubali kuingia kwenye kompyuta?

#2 Nuktanukta

Jibu umelitaja mwenyewe, mkuu. dpi 300 ni ndogo. Weka 1200 kwa kila kitu, utarudi kunishukuru.

#3 Fundi Vioo

Nuktanukta, hapo #2 unampoteza mwenzako. Tupige hesabu. Ukurasa wa A4 kwa dpi 300 unatoa pikseli 2480 kwa 3508. Hiyo inatosha kuchapwa tena kwa ukubwa uleule bila jicho kulalamika. Kwa dpi 600 ni 4960 kwa 7016, na faili lisilobanwa linafika kama MB 104. Ukienda 1200 unazidisha hiyo mara nne, zaidi ya MB 400 kwa barua moja tu, na utakachokuwa umekikuza ni nyuzi za karatasi.

dpi kubwa ina kazi kwenye vitu vidogo utakavyotaka vionekane vikubwa. Tiketi ya sentimita 5 kwa 8 ukiiskani kwa 600 unapata pikseli kama 1181 kwa 1890, na hapo unaweza kuikuza mara mbili bado ikawa kali. Kwa hiyo barua 300 au 400, tiketi na stempu 600, imetosha.

Mimi nashuku kitu kingine. Ile programu ya skana, ulizima mambo ya kuboresha yenyewe? Nyingi zinaamini unaskani mkataba. Zinaisukuma karatasi iwe nyeupe pee na wino uwe mweusi tii. Barua iliyokuwa na rangi ya krimu, yenye doa kidogo pale ilipokunjwa, inatoka imeoshwa. Wewe unaita kukosa uhai, mimi naita kuoshwa.

#4 Bahasha ya Kaki

Fundi, nimetoka kuangalia sasa hivi. Ilikuwa kwenye hali ya hati, na uboreshaji umewashwa. Narudia barua moja usiku huu. Asante.

Halafu mimi ni dada, si "mkuu" wa suruali 😀

#5 Mtunza Kabati

Dada Bahasha, pole kwa kumpoteza mama.

Nakubaliana na Fundi kuhusu kuoshwa, ila hata ukizima kila kitu, skana ina tabia yake. Kifuniko kinaigandamiza karatasi, mwanga unapita karibu mno, mikunjo yote inalala. Na barua iliyokaa miaka kwenye bahasha ni mikunjo! Kadi ya mwaliko yenye maandishi yaliyoinuliwa kwa mhuri mkavu ndiyo inaumia kuliko zote. Unaweza kuiskani usione chochote pale penye nembo, ukadhani ni karatasi tupu.

Jaribu hivi. Chukua kadi, iweke mezani kando ya dirisha, zima taa ya ndani, mwanga wa jua usiipige moja kwa moja. Mwanga uje kutoka ubavuni, chini chini, ukiitambaa karatasi. Simu ishikilie juu, sambamba na meza, usiinamishe maana karatasi itatoka imepanuka upande mmoja. Fleshi usiiguse. Utaona kila mkunjo una kivuli chake na kila herufi iliyoinuka inasimama.

Mimi navitunza vyote viwili: skani kwa ajili ya kusoma, picha ya ubavuni kwa ajili ya kukumbuka.

#6 Fundi Vioo

Naongezea kwa Mtunza. Skana nyembamba nyingi za siku hizi zinatumia aina ya CIS, ambayo inaona vizuri kilichogusa kioo tu. Kikiinuka milimita chache kinatoka na ukungu. Zile nene za CCD zinaona mbali kidogo. Kwa hiyo kama una kadi yenye utepe, au karatasi yenye ua lililokaushwa, kwenye skana nyembamba utepe utakuwa ukungu mtupu. Hapo simu inaishinda skana.

#7 Binti Wino

Naomba kupingana na wote hapo juu kwa heshima. Mmeng'ang'ania vifaa, mkaruka maneno ya dada mwenyewe pale #1: "nikakata kingo zikanyooka, nikazipanga mbili mbili."

Tatizo ni hilo! Tiketi unaishika kwa vidole viwili, barua inataka mikono miwili. Ukizipanga mbili mbili, zote saizi moja, umeziondolea kipimo. Jicho halijui tena kipi kidogo kipi kikubwa, na kila kitu kinakuwa mstatili ndani ya mstatili. Halafu kingo umezinyoa. Ile kona iliyochanika ndiyo ilikuwa inatuambia hii ni karatasi.

Ninachofanya mimi: naiskani karatasi ikiwa na nafasi pande zote, juu yake naweka karatasi nyeusi kabla ya kufunga kifuniko. Nyeusi ina faida mbili. Kingo zinajitenga wazi, na kama karatasi ni nyembamba yenye maandishi nyuma, yale ya nyuma hayajitokezi mbele. Kisha nafuata ukingo wenyewe, na michaniko yake, naiweka kwenye ukurasa kama PNG, aina ya faili la picha linaloweza kukaa bila mandhari nyuma yake, na kivuli chembamba chini. Vivuli vyote vya ukurasa viangukie upande mmoja. Kimoja kikienda kushoto na kingine kulia, mtu hatajua kwa nini ukurasa unamsumbua, lakini utamsumbua.

Na tiketi ibaki ndogo. Iache iwe ndogo pembeni ya barua.

#8 Mzee wa Stempu

Wanangu, mnachosha mikono yenu. Karatasi ni kitu cha kushika. Nina barua ya kaka yangu, karatasi ile nyembamba ya barua za ndege, ukiigeuza inalia kama jani kavu. Kalamu ya bairo imeikandamiza mpaka nyuma panasomeka kwa kidole. Hiyo utaiskani kwa dpi ngapi?

Mtengenezee kila ndugu albamu, ni jambo jema. Lakini usitegemee albamu ifanye kazi ya sanduku.

#9 Nuktanukta

Mzee shikamoo. Ila na wewe kila uzi ni hiyo hiyo barua ya ndege 😀

#10 Mzee wa Stempu

Marahaba. Na nitaendelea nayo.

#11 Kalamu Mbili

Swali moja kwa mleta mada kabla hatujaenda mbali. Umeskani na upande wa nyuma?

Nauliza kwa sababu watu wengi wanaskani "mbele" kama vile karatasi ni picha ya ukutani. Bahasha ina mhuri wa posta, ina tarehe, pengine na mahali ilikopitia. Nyuma ya kadi za mwaliko watu waliandika hesabu, namba za simu, njia ya kufika. Hiyo ndiyo sehemu ambayo mtu aliandika akiwa hajui kama kuna atakayeisoma.

#12 Bahasha ya Kaki

Kalamu Mbili, sikuskani nyuma hata moja. Nimerudi sandukuni saa hii.

Ile tiketi ya basi. Mbele kuna namba ya kiti, 23, na alama ya kutobolewa. Nyuma kuna maandishi ya penseli ambayo sikuwahi kuyaona, maana yamefifia hadi yanang'aa tu ukiinamisha karatasi. Ni mkono wa mama. Mistari mitano:

uzi mweusi
sindano 14
lasitiki
chaki
na wa tano unaanza na "vi", uliobaki umesuguliwa.

Mama alikuwa fundi cherehani. Kwa hiyo hiyo safari tuliyokuwa tunabishania miaka yote, alikwenda kununua vifaa vya kushonea. Samahani, nimekaa chini kidogo.

#13 Mama Pacha

Nimelia na mimi sina hata hiyo tiketi.

Dada, penseli usiiskani kwa nyeusi na nyeupe tupu. Iskani kwa rangi, 600, uboreshaji umezimwa, halafu ndiyo uongeze kontrasti kidogo kidogo kwenye nakala. Na piga ile picha ya ubavuni ya Mtunza #5, penseli inaacha mfereji kwenye karatasi hata risasi ikifutika.

#14 Jembe la Wino

Nipo nje ya mada kidogo. Nina risiti nyingi za siku mtoto wangu alipozaliwa, za vitu vyake vya kwanza. Zimeanza kuwa nyeupe. Wino wake ni hafifu au ni unyevu? Nafikiria kuzilaminiti.

#15 Mama Pacha

USILAMINITI. Mimi nililaminiti ya kwangu. Iliingia kwenye mashine nyeupe ikatoka nyeusi yote, mbele ya macho yangu, pale dukani. Ilikuwa risiti ya viatu vya kwanza vya pacha wangu, jozi mbili mstari mmoja mmoja. Yule kijana wa mashine aliniangalia, nikamwangalia, hakuna aliyesema neno.

#16 Fundi Vioo

Pole Mama Pacha. Sababu ni hii: risiti nyingi za mashine hazina wino kabisa. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayogeuka rangi ikipata joto, na kichwa cha mashine kinaichoma pale panapotakiwa herufi. Kwa hiyo Jembe, wino si hafifu, haupo. Mashine ya kulaminiti ni joto, ikaichoma karatasi nzima.

Na kinachozifuta ni mwanga, joto, mafuta ya mikono, na plastiki laini za PVC, yale mafaili yenye harufu kali. Watu wanaziweka humo wakidhani wanazilinda.

Kuna ushauri unazunguka wa kuipasha risiti iliyofifia kwa mashine ya kukausha nywele ili maandishi yarudi. Usijaribu kwenye kitu unachokipenda. Ikizidi kidogo mandhari nayo inakuwa nyeusi, na hakuna kurudi. Iskani leo hii kwa rangi, kesho usiingojee.

#17 Jembe la Wino

Nimezitoa kwenye faili la plastiki sasa hivi. Naziskani leo. Asanteni.

#18 Mtunza Kabati

Kwa uharaka, panga foleni hivi: risiti kwanza, halafu vipande vya magazeti. Gazeti limetengenezwa kwa mbao zilizosagwa ambazo bado zina lignini, ile kemikali ya asili ya mbao, na lignini ikikutana na mwanga na hewa inageuka njano, kisha kahawia, kisha linavunjika kama ganda. Barua ya karatasi nzuri inaweza kukungoja.

Dada Bahasha, gazeti la njano liache njano kwenye albamu. Mtu anataka kulirudishia weupe, lakini njano ndiyo umri wake.

Na picha za gazetini zimechapwa kwa nukta nukta. Ukiziskani unaweza kuona mawimbi ya ajabu juu ya sura ya mtu. Hazijaharibika. Skani kwa dpi kubwa, washa kiondoa nukta kama programu yako inacho, kisha punguza ukubwa baadaye.

#19 Nuktanukta

Kumbe kuna mahali dpi kubwa inatakiwa. Nimesema tangu #2 😀

Jambo lingine, dada asitumie JPEG. JPEG inaharibika kila unapoifungua.

#20 Fundi Vioo

Ya kwanza nakupa. Ya pili hapana. Kuifungua na kuiangalia haipunguzi kitu, hata mara elfu. Inapungua unapoibadilisha na kuihifadhi tena kama JPEG, maana inabanwa upya kila mara. Kwa hiyo tunza asili kwa TIFF au PNG, aina za faili ambazo kwa kawaida hazipotezi kitu zikihifadhiwa, usiiguse, na JPEG itoe mwishoni kwa ajili ya kutuma kwa ndugu.

#21 Mgeni Mlangoni

Habari zenu, mimi mpya. Nyumba yangu ni ndogo. Nikishaskani vizuri pande zote mbili kama mlivyosema, si naweza kuzitupa zile karatasi?

#22 Mzee wa Stempu

Hapana.

#23 Kalamu Mbili

Mzee kamaliza kwa neno moja, ila mgeni anastahili jibu. Si kila karatasi. Risiti za umeme za miaka kumi, skani ukipenda, tupa. Lakini chochote kilichoandikwa kwa mkono na mtu uliyempenda, kitunze hata kama ni kwenye bahasha moja chini ya godoro. Bahasha moja bapa inabeba barua nyingi kuliko unavyofikiri ukizitoa kwenye bahasha zake na kuzinyoosha.

#24 Tairi la Akiba

Mgeni, nakuletea yaliyonikuta. Niliskani shajara za baba, kurasa zaidi ya mia mbili. Nikaziweka kwenye diski ngumu moja. Nyumba tulikuwa tunahama, shajara zikaonekana mzigo, nikazitoa. Miezi minane baadaye diski ikaanza kugonga tiki tiki. Fundi niliyempelekea alinirudishia vipande vya kurasa kumi na saba.

Sasa hivi kila kitu changu kina nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, na moja iko nje ya nyumba. Kama una sehemu moja tu ya kuhifadhi, huna albamu, una bahati tu.

#25 Mgeni Mlangoni

Nimeelewa. Situpi.

#26 Mwanahoja

Kuna jambo halijaguswa. Dada anatengeneza nakala nne za ndugu, hapo sawa. Ila wengi tunaishia kuzitupia kurasa hizi mitandaoni. Kadi ya kliniki ina tarehe ya kuzaliwa. Vyeti vina sahihi. Pasi za kupandia ndege zina barkodi, na ndani ya ile barkodi mna jina la abiria na namba ya kuhifadhia nafasi; mtu hahitaji kuona kilichoandikwa kwa herufi, anaisoma kwa simu. Kama ni ukurasa wa kuonyesha watu, weka ua juu yake, weka picha nyingine juu yake, lakini kwenye faili la mwisho liwe limefunikwa kweli, siyo tabaka ambalo mtu analiondoa.

Na barua mlizoandikiwa: karatasi ni yenu, lakini haki ya kuyachapisha maneno ni ya aliyeandika, na akifariki ni ya warithi wake. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka kiwango cha chini cha miaka 50 baada ya kifo, nchi nyingi zimepandisha hadi 70. Barua za mama ni zenu ninyi wanne. Barua alizoandikiwa mama na rafiki yake ni habari nyingine.

#27 Binti Wino

Mwanahoja, hiyo ya mwisho ni ya kweli lakini usimtishe, ni albamu ya ndugu wanne.

#28 Mwanahoja

Simtishi. Kuna barua moja ya shangazi yangu ilifika kwa mtu ambaye hakutakiwa kuisoma, kupitia albamu nzuri kabisa ya kifamilia. Mpaka leo hawasalimiani. Aulize kwanza, ndilo ninalosema.

#29 Bahasha ya Kaki

Nimerudi na matokeo, naomba mnisaidie kuamua.

Nilitengeneza ukurasa mmoja mara tatu, barua ileile na tiketi ileile. Wa kwanza ni skani ya zamani iliyooshwa. Wa pili ni skani bila uboreshaji, rangi ya krimu imerudi, kingo zimeachwa, tiketi ndogo pembeni, vivuli vyote kulia, kama Binti Wino alivyosema. Wa tatu ni picha ya dirishani, mikunjo inaonekana yote, na nyuma ya tiketi imewekwa chini ya mbele yake.

Nikawatumia ndugu zangu bila kusema upi ni upi.

Kaka mkubwa kachagua wa tatu. Anasema aliona mikunjo akakumbuka mama alivyokuwa anakunja barua, mara mbili halafu anapitisha ukucha. Dada anayenifuata kachagua wa pili. Mdogo wetu kachagua wa KWANZA! Ule niliouita fotokopi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Huu ndio pekee naweza kusoma kila neno, na mimi mama alipofariki nilikuwa mdogo, sikumbuki mikono yake, nataka maneno yake."

Sasa sijui tena kipi kimekufa na kipi kiko hai.

#30 Mtunza Kabati

Huyo mdogo wenu kanifundisha kitu leo.

#31 Kalamu Mbili

Mimi naona hapo ndipo nadharia zote za uzi huu zinapogongana. Kaka mkubwa ana kumbukumbu, karatasi inaigusa tu. Mdogo hana, kwa hiyo karatasi ndiyo imletee. Pengine kinachokosekana kwenye kurasa zako ni maneno yenu wenyewe. Chini ya barua andika: mama alikuwa anakunja mara mbili na kupitisha ukucha. Mdogo wenu akisoma hivyo, na yeye ataiona mikunjo.

#32 Binti Wino

Sikubali sana. Ukijaza maelezo kila mahali karatasi inageuka kuwa kielelezo cha kitabu cha shule. Mistari miwili, basi. Na iandikwe kwa mkono, ndugu mmoja aandike kwenye karatasi nyeupe, uiskani, uiweke juu ya ukurasa kwa ile modi ya tabaka ya kuzidisha. Weupe unapotea, unabaki wino tu juu ya ukurasa. Mwandiko wa watoto chini ya mwandiko wa mama.

#33 Tairi la Akiba

Mbona hamtaji sauti? Kaka mkubwa aisome ile barua kwa sauti, mrekodi. Faili la sauti likae folda moja na skani.

#34 Mzee wa Stempu

Hiyo ya sauti naikubali. Na mwandiko wa watoto nao naukubali. Bado sanduku lisiuzwe.

#35 Fundi Vioo

Kitu kidogo kabla sijasahau. Programu za albamu zinapanga kwa tarehe iliyo ndani ya faili, na hiyo ni tarehe ya kuskani. Barua ya mama itakaa karibu na picha ya juzi. Rekebisha tarehe mwenyewe, na jina la faili lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, zitajipanga zenyewe. Kama mwaka huujui, andika unaoukaribia na uweke "takriban" kwenye jina.

Halafu dada, ule mstari wa tano vipi?

#36 Bahasha ya Kaki

Nimeupiga picha dirishani asubuhi, mwanga ukitokea kushoto, kisha kulia, kisha juu. Ukitokea kulia unaonekana mfereji wa herufi mbili za mwisho, na ya mwisho ni "o". Kabla yake kuna mkia unaoshuka chini ya mstari. Picha nimeziambatanisha, upande mmoja wa tiketi tu.

#37 Mama Pacha

Vifungo. Mkia ni wa "g". Fundi cherehani, uzi, lasitiki, chaki, lazima vifungo.

#38 Nuktanukta

Ni vishikizo. Huo si mkia wa "g", ni mguu wa "z". Wazee wengi wanaandika "z" yenye mguu.

#39 Mtunza Kabati

Hata mkiwa sahihi wote, ni kitu kimoja kilekile alichokwenda kununua. Lakini dada, angalia "uzi mweusi" hapo mstari wa kwanza. "Z" yake ina mguu?

#40 Bahasha ya Kaki

Naichukua tiketi narudi nayo dirishani. Jua bado lipo.